Kiongozi Thabiti na Watu wa Hulka Mbalimbali

Somo kwa viongozi wa kamati, kwaya na vyama vya mtaa



Vidole vya mkono havilingani. Methali hii tunaitaja sana, lakini tukiingia katika mkutano wa kamati tunaisahau. Kila mmoja wetu hutazamia wenzake wawe kama yeye. Mwepesi wa maneno humwona mkimya kuwa mjinga, na mkimya humwona mwepesi wa maneno kuwa mpiga kelele. Mwenye haraka humwita mwangalifu mwoga. Naye mwangalifu humwita mwenye haraka mpotevu wa mali. Katikati yao ameketi mwenyekiti, kalamu mkononi, na saa inakwenda.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kujenga ghala la chakula. Nilipenda kazi iende upesi. Mwenzetu mmoja, mtu mpole asiyesema ila kwa kuombwa, aliinua mkono mara mbili. Mara zote mbili nilimwambia, "Subiri kidogo, Mwalimu, tumalize hili kwanza." Hatukumrudia. Ghala likajengwa, likapakwa chokaa, likapendeza. Masika yalipofika, maji ya mlimani yalipita papo hapo tulipojenga, na magunia ya mahindi yakaloa. Nilipomwuliza yule mwenzetu kama alilijua jambo hilo, alinijibu kwa upole, "Nililiona, Mwalimu, lakini nafasi haikupatikana."

Jibu hilo limekaa nami mpaka leo. Nilidhani mimi ni kiongozi thabiti, kumbe nilikuwa mwenye haraka tu. Kwa hiyo katika somo hili natazama swali moja: Je, kiongozi mwenye msimamo afanyeje ili watu wa hulka mbalimbali wafanye kazi pamoja naye bila mmoja wao kupotea?

1. UTHABITI NI NINI?

Tutofautishe aina tatu za viongozi.

Wa kwanza ni mkali. Huyu husema, na watu hunyamaza. Hupata utii, lakini hapati habari, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumletea habari mbaya.

Wa pili ni mlegevu. Huyu hutaka kumpendeza kila mtu. Akisema wa kulia hukubali, na akisema wa kushoto hukubali pia. Mkutano wake huisha jioni bila neno lililokatwa, na kesho yake kila mtu hufanya alivyoona.

Wa tatu ni thabiti. Huyu husema waziwazi analotaka na sababu zake. Huuliza, husikiliza, kisha hukata shauri. Na likiharibika halitupi juu ya wengine. Hana haja ya kupaza sauti, wala haogopi kupingwa. Uthabiti basi ni kujua mwendo wako na kumjua kila mtu unayekwenda naye.

Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini walisema pia, penye wengi hapaharibiki neno. Kiongozi thabiti huzishika methali zote mbili: nahodha ni mmoja, na macho ya kutazama bahari ni mengi.

2. KISA CHA MERIKEBU "ENDURANCE"

Ili tusiseme maneno matupu, nitatumia mfano wa kweli. Nilipokuwa nikifundisha niliutumia mara nyingi, na wanafunzi hawakuuchoka.

Ernest Shackleton alizaliwa Ireland mwaka 1874. Mwaka 1914 alianza safari ya kwenda kusini kwa merikebu iliyoitwa Endurance. Nia yake ilikuwa kuvuka bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia, yaani Antaktika, kutoka pwani hadi pwani. Katika merikebu walikuwamo watu 28: mabaharia, wataalamu wa sayansi, waganga wawili, mpishi, seremala, mpiga picha, na kijana mmoja aliyejificha melini akagunduliwa safarini.

Hawakuvuka. Mwezi wa Januari 1915 barafu iliikamata merikebu kabla haijafika pwani. Wakakaa ndani yake miezi mingi, wakingoja barafu ilegee, lakini barafu iliibana mpaka mbao zikapasuka. Tarehe 27 Oktoba 1915 Shackleton aliwaamuru wote watoke, na tarehe 21 Novemba merikebu ikazama. Watu 28 wakabaki juu ya barafu inayoelea, na mashua tatu ndogo, bila njia yo yote ya kumwita mtu.

Mwezi wa Aprili 1916 barafu ilipovunjika, waliingia katika mashua wakafika kisiwa kitupu kiitwacho Elephant. Kutoka hapo Shackleton na wenzake watano walisafiri kwa mashua yenye urefu wa meta 7 hivi, kilometa zaidi ya 1,300 katika bahari chafu, hadi kisiwa cha South Georgia. Tena Shackleton na wawili kati yao walivuka milima ya theluji kwa muda wa saa 36 hivi, wakafika kwenye kituo cha wavuvi wa nyangumi tarehe 20 Mei 1916. Alijaribu mara tatu kuwarudia wale 22 aliowaacha Elephant, akazuiwa na barafu. Mara ya nne, tarehe 30 Agosti 1916, akiwa katika meli ya serikali ya Chile iitwayo Yelcho, chini ya nahodha Luis Pardo, aliwafikia. Wote 22 walikuwa hai.

Ndugu msomaji, fikiri. Karibu miaka miwili katika baridi na njaa, watu 28 wasiolingana, na wote wakaokoka. Hawakuwa malaika. Walikuwa na wivu, hofu, kiburi na uchovu kama sisi. Hebu tutazame alivyowachukua.

3. KILA MTU KWA NAMNA YAKE

(a) Mtu apendaye kuheshimiwa. Mpiga picha, Frank Hurley wa Australia, alikuwa hodari, tena alijijua kuwa hodari. Mtu wa namna hii akidharauliwa huanza kukusanya watu upande wake. Shackleton alimweka katika hema lake mwenyewe, akawa akimwuliza shauri lake. Ilipobidi kupunguza mizigo, hakumwamuru tu atupe picha zake. Waliketi pamoja wakachagua vioo vya picha vipatavyo 120 vya kubaki, na vilivyosalia, mamia kadhaa, wakavivunja. Kwa njia hiyo Hurley alikuwa mshiriki wa shauri lile gumu, naye hakuweka kinyongo.

Twajifunza hivi: Mpe mtu huyu heshima iliyo haki yake kabla hajaitafuta kwa njia mbaya. Lakini mweke karibu nawe, unapoweza kumwona.

(b) Mtu mpinzani. Seremala Harry McNish alikuwa fundi kweli kweli, na ulimi wake ulikuwa mkali. Mwezi wa Desemba 1915, walipokuwa wakiburuza mashua juu ya barafu, aligoma. Alisema kwamba merikebu imezama, basi mkataba wa mabaharia umekwisha, naye halazimiki kutii tena. Neno hilo lingeweza kuwagawanya wote.

Shackleton hakupigana naye, wala hakujifanya hakusikia. Aliwakusanya watu wote, akawasomea mkataba, akawaambia waziwazi kwamba mamlaka yake yaendelea mpaka watakapofika bandarini, na kwamba mishahara yao itahesabiwa mpaka siku hiyo. Tazama: katika jibu lile palikuwa na amri, na palikuwa pia na haki yao. Seremala akarudi kazini.

Baadaye, alipochagua watu watano wa kwenda naye katika ile mashua ndogo, alimchagua McNish. Sababu zilikuwa mbili. Mikono ya fundi ingehitajiwa baharini. Na mtu mwenye manung'uniko asingefaa kuachwa miongoni mwa watu waliokwisha kuchoka. Huyo McNish ndiye aliyeziinua mbavu za mashua na kuifunika kwa mbao na turubai. Bila kazi yake, mawimbi yangaliizamisha.

Twajifunza hivi: Mpinzani ajibiwe mbele ya wote, kwa sababu na kwa haki, bila matusi. Kisha apewe kazi anayoiweza.

(c) Mtu mwenye wasiwasi. Thomas Orde-Lees alikuwa mtu wa kuhangaikia akiba. Wenzake walimcheka na wengine hawakumpenda. Lakini ni kazi gani imfaayo mtu ahesabuye kila kopo? Shackleton alimfanya mtunza stoo. Jambo lililokuwa kero likawa huduma.

Twajifunza hivi: Mara nyingi kasoro ya mtu ni kipaji kilichowekwa mahali pasipo pake. Mbishi wa hesabu afaa kukagua vitabu vya fedha. Asiyetulia afaa kutumwa.

(d) Mtu wa ubingwa na mtu wa utulivu. Frank Worsley, nahodha wa merikebu, hakuwa bingwa wa kushika nidhamu ya watu. Bali kwa kupima njia baharini hakuwa na mfano. Katika ile safari ya mashua aliliona jua vizuri mara chache mno, lakini aliifikisha mashua South Georgia. Shackleton alikuwa mkuu wake, lakini katika kupima njia alimwachia kazi yake.

Naye Frank Wild alikuwa mtulivu, asiye na maneno mengi. Yeye ndiye aliyeachwa kuwatunza wenzake 21 katika kisiwa cha Elephant. Kila siku bahari ilipokuwa wazi aliwaambia wafunge mizigo yao, maana huenda mkuu akaja leo. Aliyafanya hayo zaidi ya miezi minne. Mtu mkimya si mtu mtupu. Wakati mwingine ndiye awezaye kubeba zamu ndefu kuliko wote.

(e) Mtu aliyechoka. Katika mashua, Shackleton alipomwona mmoja ameanza kushindwa na baridi, aliamuru maziwa ya moto yapikwe kwa wote. Hakumtaja aliyedhoofika, asije akajihesabu kuwa mzigo kwa wenzake.

Nadhani katika kisa chote hakuna jambo dogo lililo kubwa kuliko hili.

(f) Watu wote kwa pamoja. Yako mambo aliyoyafanya sawa kwa wote. Katika merikebu, wasomi na mabaharia walisugua sakafu kwa zamu. Mifuko ya kulalia ya manyoya ilikuwa michache, ikapigiwa kura; na Shackleton na wasaidizi wake wakubwa wakalala katika ile ya sufu isiyo na joto sana. Alipowaagiza watu watupe vitu vyao, alianza yeye kwa kutupa sarafu zake za dhahabu juu ya barafu. Lakini banjo ya Leonard Hussey aliagiza ichukuliwe, maana alijua kwamba watu wanahitaji wimbo kama wanavyohitaji chakula.

Kwa hiyo, kumtendea kila mtu kwa namna yake si upendeleo, mradi mzigo na haki ni sawa kwa wote.

4. UPANDE WA PILI WA BARA

Wengi wasimuliao kisa hiki huishia hapo. Mwalimu hana budi kuendelea, kwa sababu kundi la pili lilikuwapo. Lilipelekwa upande mwingine wa Antaktika, katika meli iitwayo Aurora, ili kuweka akiba za chakula njiani kwa ajili ya Shackleton na wenzake. Mkuu wake alikuwa Aeneas Mackintosh, mtu shujaa.

Ernest Joyce, aliyekuwa na ujuzi wa mbwa wa kuvuta mizigo barafuni, alimshauri Mackintosh asiwapeleke mbwa mbali kabla hawajazoea baridi. Mackintosh alikuwa na haraka ya kutimiza agizo, akakataa shauri. Mbwa waliokwenda safari ile ya mwanzo ya 1915 walikufa, na msimu uliofuata watu walilazimika kuvuta sehemu kubwa ya mizigo kwa nguvu zao wenyewe. Zaidi ya hayo, mwezi wa Mei 1915 dhoruba iliipeleka meli yao mbali, na watu kumi wakabaki pwani na vitu vichache.

Pamoja na hayo waliziweka akiba zote. Lakini Arnold Spencer-Smith, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa miongoni mwao, alishikwa na kiseyeye. Wenzake, nao wagonjwa, walimvuta juu ya sleji siku nyingi bila kumwacha. Akafa tarehe 9 Machi 1916. Miezi miwili baadaye Mackintosh na mwenzake Victor Hayward waliamua kuvuka bahari iliyoganda kwa barafu nyembamba, ingawa wenzao waliwaonya. Dhoruba ikaja, wala hawakuonekana tena.

Sisemi kwamba ukaidi wa mtu mmoja ndio uliosababisha yote. Vifaa vilikuwa haba na maandalizi yalikuwa ya haraka, na hilo ni juu ya Shackleton mwenyewe. Lakini tofauti moja yaonekana. Ajuaye jambo alisema, na mwenye mamlaka hakusikia. Niliposoma habari za wale mbwa, niliyakumbuka magunia yangu ya mahindi.

5. DOA LA KIONGOZI HODARI

Tusimfanye Shackleton kuwa mtakatifu. Waliporudi, watu wa Endurance walipewa nishani ya heshima kutoka kwa mfalme, isipokuwa wanne. Mmoja wa wanne hao alikuwa seremala McNish. Shackleton alimchukua katika mashua, akaitumia kazi ya mikono yake, lakini hakumsamehe lile neno la barafuni.

McNish alikufa Wellington, New Zealand, mwaka 1930. Yeye naye alikuwa na kinyongo chake: paka wake aliuawa kwa amri ya Shackleton merikebu ilipopotea. Mwaka 2004 watu wa New Zealand waliweka juu ya kaburi lake sanamu ya shaba ya paka huyo. Na mwezi wa Machi 2022 merikebu Endurance ilionekana tena, ikiwa imekaa wima chini ya bahari kwa kina cha meta 3,008. Zaidi ya miaka mia imepita, na watu bado waulizana kama seremala alitendewa haki.

Ndugu viongozi, liangalieni jambo hili. Ni rahisi kumtumia mtu mgumu wakati wa shida. Ni vigumu kumshukuru shida ikiisha. Kazi ya kiongozi haikwishi mpaka kila mtu amelipwa sifa yake, hata yule aliyemwudhi.

6. TUFANYEJE KATIKA KAMATI ZETU?

(i) Kabla ya mkutano, andika majina ya wanakamati wako, na mbele ya kila jina uandike jambo moja analolijua kuliko wewe. Ukikosa la kuandika, humjui mtu huyo. Mtembelee.

(ii) Mwanzoni sema waziwazi jambo linalotakiwa kukatwa siku hiyo.

(iii) Mwulize mkimya kwa jina lake, tena umpe muda. Akikosa la kusema mbele ya watu, mwendee baadaye.

(iv) Msemaji sana umpe kazi ya kuandika hoja za wenzake. Huwezi kuandika na kusema kwa wakati mmoja.

(v) Mpinzani umwulize, "Wewe ungefanyaje?" Kama ana jibu, mmepata msaada. Kama hana, wote wamesikia.

(vi) Shauri likikatwa, lisemwe kwa maneno machache, na jina la mwenye kulitekeleza lisomwe.

(vii) Kazi ikiisha, mshukuru kila mtu kwa jambo alilolifanya, kwa kulitaja.

Yule mwenzetu mpole wa chuoni nilimwomba radhi, si faraghani tu, bali mbele ya kamati ileile. Tangu siku hiyo sikufunga mkutano bila kuuliza, "Ni nani ambaye hajapata nafasi?" Mara nyingi hapakuwa na neno. Lakini mara chache palipokuwa na neno, lilikuwa ndilo lililotufaa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika aina tatu za viongozi, wewe u wa aina gani nyumbani? Na katika kamati? Je, wenzako wangejibu hivyo hivyo?

2. Kwa nini Shackleton aliamuru maziwa kwa wote, asimpe mmoja tu? Toa mfano wa jambo la namna hiyo katika mtaa wetu.

3. Je, ilikuwa haki kumnyima McNish nishani? Toeni sababu za pande zote mbili kabla ya kukata shauri.

4. Ni nani katika kundi lenu ambaye hamjamsikia mwaka huu? Mtafanyaje kabla ya mkutano ujao?